Plombaje iko juu na taya linalia: je, meno yanaharibu kiungo?

Swali, kwa kifupi: «Mimi ni mwalimu, naishi Kadutu hapa Bukavu, nina miaka 38. Magego mawili ya chini kushoto yaling'olewa zamani, na tangu hapo natafunia kulia. Wiki sita zilizopita dantiste aliua mshipa wa gego la chini kulia akaweka plombaje kubwa (kijazo cha kuziba tundu la jino). Nilikaa mdomo wazi zaidi ya saa nzima. Jioni ile ile nilihisi jino lile linagusa kabla ya mengine. Baada ya wiki mbili hivi sikio la kushoto likaanza kuuma, taya linalia ka! nikifungua mdomo, na baadhi ya asubuhi meno ya kushoto hayakutani. Dantiste wa pili anasema meno yangu hayaumani sawa, kwa hiyo kiungo cha taya kinaharibika, na anataka kuyasaga yote yalingane. Nikubali?»

Jibu

Mama Mwalimu, usikubali kusagwa meno yote. Kinachotakiwa kurekebishwa ni ile plombaje moja ya kulia, tena mapema. Mengine yote yanaweza kusubiri, na baadhi yake hayahitaji kuguswa kabisa.

Weka ncha ya kidole mbele ya sikio, ufungue mdomo taratibu. Kile kinachotembea chini ya kidole ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, kipande chenye upana wa milimita 20 hivi kutoka nje kwenda ndani, na chini ya milimita 10 kutoka mbele kwenda nyuma. Kinakaa kwenye shimo la mfupa wa kichwa, na mbele ya shimo kuna mwinuko. Katikati ya mifupa hiyo miwili kuna diski ya nyuzi ngumu: sehemu yake ya kati ina unene wa milimita 1 hivi, ukingo wa nyuma unafika 3. Milimita 20 hadi 25 za kwanza za kufungua mdomo, kichwa kinazunguka tu chini ya diski. Ukiendelea kufungua, kichwa na diski vinateleza pamoja kushuka mwinuko ule.

Diski katikati haina damu wala neva. Inaweza kubanwa na kulika bila wewe kuhisi chochote. Kinachouma ni vitu vinavyoizunguka: tishu laini iliyo nyuma yake, iliyojaa mishipa ya damu na neva, utando wa ndani unaotoa ute wa kiungo, na kano za pembeni. Neva inayohudumia eneo hilo ndiyo hiyo hiyo inayohudumia sehemu ya mbele ya sikio, ndiyo maana unahisi sikio linauma wakati huenda sikio lenyewe ni zima. Hata hivyo, daktari alichungulie mara moja kwa taa, isije ikawa kuna usaha ndani na sisi tunahangaika na meno.

Gegedu la kiungo hiki halifanani na la goti. Juu limefunikwa na nyuzi ngumu zinazostahimili msuguano, na chini ya nyuzi hizo kuna seli zinazoweza kugawanyika na kujenga upya hata kwa mtu mzima. Kwa hiyo, mzigo ukibadilika polepole, kichwa cha taya hubadilika umbo kidogo kidogo na kuuzoea. Watu wengi wenye meno yaliyopindana tangu utoto wanafikia uzee bila kiungo chao kulalamika hata mara moja. Mtu anayekuambia kwamba kila meno yasiyolingana lazima yaharibu kiungo, amesahau watu hao.

Fikra hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio wa St. Louis kule Marekani, aliandika kuhusu wagonjwa waliopoteza magego na waliokuwa wakiumwa sikio. Alieleza kwamba magego yakitoka, taya linapanda mno, kichwa chake kinarudi nyuma na kukandamiza neva na sikio. Maelezo yalivutia sana, lakini wataalamu wa anatomia walipochunguza baadaye walikuta neva haipiti mahali panapoweza kukandamizwa namna ile. Maelezo ya Costen yaliporomoka, ila desturi ya kutafuta kosa kwenye meno kila taya linapouma ilibaki vinywani mwa wengi, madaktari wakiwemo.

Hiyo haina maana kwamba meno hayana neno. Kuna njia moja ambayo yanaongeza mzigo kwenye kiungo, na kwako inaonekana wazi. Ukitafuna upande wa kulia, kiungo kinachobanwa zaidi ni cha kushoto. Gego la kulia linaposhikilia chakula, upande ule unapata pa kuegemea, na misuli ya kushoto inavuta taya kwenda juu bila kitu chochote cha kulizuia isipokuwa kiungo chenyewe. Miaka yote hii umetafunia kulia, basi kiungo cha kushoto kimebeba mzigo wa ziada na kikauzoea. Kisha ikaja plombaje iliyo juu upande ule ule wa kulia. Ni kama meza iliyotiwa jiwe chini ya mguu mmoja: taya linasimama juu ya jino hilo, na misuli ikikaza, kichwa cha kushoto kinasukumwa ndani ya shimo lake zaidi ya kawaida. Maumivu yako ya kushoto na plombaje ya kulia yanaweza kuwa jambo moja.

Ndani ya tishu mambo huenda hivi. Ute wa kiungo na maji yaliyomo ndani ya diski hubeba mzigo vizuri mzigo ukiwa wa kuja na kuondoka, kama wakati wa kutafuna. Mzigo ukikaa bila kuachia, maji hukamuliwa polepole kutoka kwenye diski, ute unakuwa hafifu, na nyuso zinaanza kusuguana. Seli zilizochoka hutoa kemikali za uvimbe, na kemikali hizo huamsha vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni. Utando wa ndani unavimba na kumwaga maji kwenye kiungo. Kano zinazoshika diski zikilegea, diski inateleza mbele na kidogo ndani. Hapo ndipo ka! inapozaliwa: ukifungua mdomo, kichwa kinaruka ukingo wa nyuma wa diski na kurudi chini yake, ukifunga, diski inaponyoka tena.

Angalia basi kinachoumiza zaidi: kukaza meno kwa muda mrefu kuliko kutafuna. Kwa saa 24 za mtu wa kawaida, meno ya juu na ya chini hugusana kwa jumla chini ya nusu saa. Mtu anayekaza meno akisahihisha madaftari, akiwa nyuma ya pikipiki kwenye mashimo, au usingizini, anazidisha muda huo mara nyingi. Na Bukavu ya siku hizi haina uhaba wa sababu za mtu kukaza meno.

Sasa suala ambalo dantiste wa pili amelipita haraka. Meno kutokukutana kunaweza kuwa matokeo ya kiungo kuumwa, wala si chanzo chake. Kiungo cha kushoto kikijaa maji, kichwa cha taya kinasukumwa chini, na meno ya nyuma ya upande huo yanaachana. Msuli mdogo unaovuta kichwa cha taya kwenda mbele ukikakamaa, hutokea vivyo hivyo. Umeandika kwamba plombaje uliihisi juu jioni ile ile, lakini meno ya kushoto yalianza kuachana baada ya wiki mbili, pamoja na maumivu, tena baadhi ya asubuhi tu. Mwachano unaotokana na plombaje yenyewe ungeonekana siku ya kwanza na usingebadilika kati ya asubuhi na jioni. Huo wako una dalili zote za uvimbe wa kiungo. Ukisagwa meno leo yalingane na taya lililovimba, uvimbe ukishuka baada ya mwezi kichwa kitarudi mahali pake, na meno yaliyosagwa hayatakutana tena. Safari hii kosa litakuwa la kudumu.

Tena plombaje huenda haiko peke yake. Kukaa mdomo wazi zaidi ya saa nzima kunavuta kano za kiungo, hasa kile ambacho tayari kilikuwa kimechoka. Sindano ya ganzi inayochomwa nyuma ya taya la chini inaweza pia kujeruhi msuli wa ndani, na mdomo ukawa mgumu kufunguka kwa siku au wiki kadhaa. Ila hiyo ingekupata kulia, upande wa sindano.

Kabla ya kwenda kwa dantiste, jipime nyumbani. Chukua rula ya shule, fungua mdomo hadi mwisho bila kulazimisha, pima kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi ncha ya lile la chini. Mtu mzima hufikia milimita 40 hadi 55. Kati ya 35 na 40 si hatari ikiwa ndivyo ulivyo tangu zamani. Simama mbele ya kioo ufungue polepole: kidevu kikienda upande mmoja kisha kikarudi katikati baada ya ka!, diski inaponyoka na kurudi. Kikienda upande mmoja na kubaki huko, kiungo cha upande huo hakitelezi.

Kipimo kingine kinahitaji mpini wa kijiko cha mbao uliofungwa kitambaa. Uuma kwa magego ya kulia, ukaze kidogo kwa sekunde chache. Halafu uhamishe kushoto, kwenye meno yaliyobaki. Kiungo cha kushoto kikiwa ndicho mgonjwa, kuuma kulia kutaongeza maumivu ya kushoto, na kuuma kushoto kutayapunguza. Kama kuuma kushoto ndiko kunakoumiza shavu na panja la kushoto, basi tatizo kubwa ni misuli. Andika matokeo pamoja na namba ya rula. Dantiste makini ataifurahia karatasi hiyo kuliko maelezo marefu.

Plombaje yenyewe. Mara nyingi inabaki juu kwa sababu ilipimwa ganzi ikiwa bado ndani na mgonjwa akiwa amelala chali, na taya la mtu aliyelala hurudi nyuma kidogo. Meno ya asili yanahisi kitu chenye unene wa milimita 0.02, na jino lako halijapoteza uwezo huo: mshipa uliouawa ni wa ndani, neva za nyuzi zinazoshika mzizi bado ziko hai. Kwa hiyo ukisema inagusa kwanza, amini hisia yako. Mwombe dantiste akuketishe wima, bila ganzi, akaushe meno, atumie karatasi ya kaboni nyembamba, mikroni 40 (milimita 0.04) au pungufu. Zile nene za mikroni 200 huchafua kila mahali na kuonyesha alama za uongo. Ugonge meno mara kadhaa, kisha usogeze taya kulia, kushoto na mbele kwa karatasi ya rangi nyingine. Alama iliyo nzito kwenye plombaje ipunguzwe kidogo sana, upimwe tena, ipunguzwe tena, mpaka meno jirani nayo yabane karatasi kwa nguvu ile ile. Kinachosagwa ni plombaje, si jino la juu linalokutana nayo. Kazi hiyo haizidi robo saa.

Usitegemee ka! inyamaze siku hiyo. Jino litatulia ndani ya siku chache. Kiungo kinahitaji wiki 2 hadi 6. Watu wazima wenye afya waliowekewa makusudi kizuizi kidogo juu ya jino katika majaribio, wengi waliuma kwa tahadhari siku za mwanzo kisha wakazoea. Waliowahi kuumwa kiungo ndio walioteseka zaidi. Ndiyo sababu plombaje ile ile ingeweza kuwa si kitu kwa jirani yako, na kwako ikaleta haya.

Wakati huo huo kipumzishe kiungo bila kukifunga. Kula vitu laini kwa wiki 3 au 4: bugali, sombe iliyoiva, maharagwe, ndizi, viazi, sambaza wa mchuzi badala ya waliokaangwa wakakauka. Mahindi ya kuchoma, miwa, karanga kavu, muhogo mbichi, mshikaki mgumu na chingamu uviache. Kata chakula vipande vidogo, na kidogo kile unachoweza kutafunia kushoto, kipeleke huko. Mchana, midomo ifungwe na meno yaachane, ncha ya ulimi ikae nyuma ya meno ya juu ya mbele. Funga alama kwenye kitu unachokiona mara nyingi, mfano uzi mwekundu kwenye kalamu ya darasani, na kila ukiiona ujiulize kama umekaza. Najua ushauri huu unaonekana mdogo, lakini ndio unaopunguza muda wa kubanwa, na muda ndio unaoumiza.

Kitambaa chenye maji ya moto kiasi, dakika 15 hadi 20 juu ya shavu na panja, mara mbili au tatu kwa siku. Zoezi: ulimi ukiwa umegusa kaakaa, fungua mdomo polepole hadi ulimi utake kuachia, funga, mara 6, ukirudia mara 6 kwa siku. Ulimi juu unalizuia taya lisiteleze hadi kwenye ka!. Ukipiga miayo, tegemeza kidevu kwa ngumi. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, mara 3 kwa siku, siku 5 hadi 7, inashusha uvimbe, mradi huna vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, presha isiyotulia wala mimba. Kama unavyo, tumia parasetamoli gramu 1, isizidi mara 3 hadi 4 kwa siku. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki. Antibiotiki hazina kazi hapa, hata kama famasi iliyo karibu itakuuzia bila kuuliza.

Kama unaamka taya likiwa limechoka, gutiera ya usiku (kifuniko cha meno cha kuvaa ukilala) inaweza kusaidia. Iwe ya plastiki ngumu, ifunike meno yote ya taya moja, unene wa milimita 2 hadi 3 kwenye magego, na meno ya taya jingine yote yaiguse kwa usawa. Irudishwe kupimwa baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu uvimbe ukishuka mguso unabadilika. Epuka zile fupi zinazoshika meno machache tu: ukizivaa miezi, meno yaliyobaki nje yanaendelea kuchomoza, yaliyo ndani yanadidimia, na hapo utakuwa umepata tatizo la meno ambalo hukuwa nalo.

Kuhusu kusaga kila kitu, enameli, gamba gumu la nje la jino, haioti tena, na hata penye unene zaidi haizidi sana milimita 2. Miongozo ya kitabibu ya leo haishauri kubadilisha meno kwa njia isiyoweza kurudishwa ili kutibu maumivu ya kiungo, kwa kuwa ushahidi kwamba inasaidia ni hafifu. Kuna watu walioanza kwa kusagwa kidogo, wakahisi bado hayalingani, wakasagwa tena, wakaishia kuhisi meno yao ni ya mtu mwingine.

Na ka! ikibaki bila maumivu baada ya miezi, iache. Tishu ya nyuma ya diski, ikibanwa polepole, hukakamaa na kujaa nyuzi hadi inafanya kazi ya diski. Picha ya radio (eksirei) ya taya zima haionyeshi diski, ni mifupa tu. Skana (CT) inaonyesha mifupa kwa undani. Diski yenyewe inaonekana kwa IRM (MRI, picha ya sumaku), na kwa hali yako sioni sababu ya kuitafuta sasa.

Pengo la kushoto lina shauri lake. Mtu anaweza kutafuna vizuri bila magego yote, alimradi meno ya mbele na magego madogo yanakutana pande zote mbili. Kwako kasoro ni kwamba upande mmoja umebeba kazi yote. Meno ya kutoa au ya kudumu yatakusaidia kugawa mzigo, ila yasitengenezwe kabla maumivu hayajaisha na rula haijatoa namba ile ile kwa miezi 2 au 3, vinginevyo yatafuata vipimo vya taya lililovimba. Dantiste aangalie pia kama gego la juu kushoto limeshuka kwenye pengo na kama jirani wa pengo ameinama. Hapo, kupunguza jino moja lililoshuka kunaweza kuwa halali, kwa sababu linafanyiwa nafasi ya meno mapya.

Usisubiri wiki hizo ikiwa ka! itanyamaza ghafla na mdomo usifunguke zaidi ya milimita 25 hadi 30, kidevu kikielekea kushoto: diski imekwama mbele, na siku za mwanzo ndizo rahisi kuirudisha. Nenda haraka pia ukiona homa au shavu limevimba, ganzi kwenye mdomo au kidevu, au meno ya mbele yakianza kuachana mwezi baada ya mwezi, maana hapo mfupa wa kiungo wenyewe unaweza kuwa unalika, na baridi yabisi ni mojawapo ya sababu. Aliyeanguka kwa kidevu kutoka kwenye pikipiki akaona meno hayakutani apigwe picha siku hiyo hiyo. Mfupa huvunjika karibu na sikio ingawa kidonda kiko kidevuni. Na taya likikaza lisifunguke kwa mtu mwenye kidonda asiyechanjwa, hiyo ni pepopunda mpaka hospitali ithibitishe vingine.